Mkaguzi wa Mabaki wa Nchi ya Unato

Tangu nirudi, watu wa mtaani kwetu Chumbageni, Tanga, hawanipi nafasi ya kupumua. Kila anayepita dukani anataka nimweleze habari za Unato, na kila mmoja anataka nianze na gundi. Njia niliyopita sitaieleza. Aliyenielekeza aliniomba nisiitaje, na isitoshe haina lolote la ajabu: nilichoka, nikafika. Nitaeleza nchi yenyewe kama nilivyoiona kwa siku kumi na moja nilizokaa humo. Jina langu ni Shekue, ni mjalidi wa vitabu, na gundi nimeishika kwa miaka thelathini na minane. Sina sababu ya kutia chumvi.

Kilichonipeleka ni mwanangu. Mishi aliondoka nyumbani miaka saba iliyopita kwenda Unato kujifunza utengenezaji wa gundi yao, kwa idhini yangu na ya mama yake. Miaka miwili ya mwanzo aliandika barua kila mwezi, kisha barua zikakatika. Mwezi wa tatu mwaka huu mama yake, Mwanatumu, alifariki. Nilimzika, nikakaa matanga, watu wakaja wakaenda, nami nikabaki katika nyumba ya vyumba vitatu na kilio ambacho sikuwa na mtu wa kulia naye. Ndugu walilia, majirani walilia, lakini hakuna aliyemjua mwanamke yule kama nilivyomjua mimi, isipokuwa mtoto aliyemzaa. Nilitaka kumpa Mishi habari kwa mdomo wangu mwenyewe, nilie naye, na Mungu akipenda nirudi naye. Haja nyingine sikuwa nayo.

Mpakani nilipokewa kwa adabu kubwa na afisa mmoja mnene, ambaye swali lake la kwanza lilikuwa kama nina misumari. Nilidhani ananitania. Kumbe katika Unato ni marufuku kuingiza misumari, skrubu, kamba, uzi, sindano na kitu chochote chenye fundo. Makubadhi yangu yaling'olewa misumari midogo ya kwenye soli, kisha soli zikabandikwa upya kwa gundi yao. Shati langu lilifumuliwa mishono yote mbele ya macho yangu, likawa vipande sita juu ya meza, na baada ya dakika chache nikarudishiwa likiwa shati tena. Afisa aliniomba radhi kwa usumbufu. Aliniambia kwamba kwao kitu kilichotobolewa ni kitu kilichoumizwa, na serikali yao haiumizi.

Ukutani palikuwa na Sheria ya Kwanza ya nchi, imeandikwa kwa herufi kubwa: HAKITAUNGWA CHOCHOTE KISICHOWEZA KUACHIA. Nilimuuliza afisa sheria ya pili inasemaje. Alifikiri kidogo, akasema kwamba mpaka sasa hawajaiona haja yake.

Kisha alinipaka kiganja cha mkono wa kulia utando mwembamba wa gundi ile, kama wanavyopakwa watu wote wa nchi, na hapo ndipo nilipoifahamu kwa mara ya kwanza. Nitasema ukweli, niliona wivu. Gundi yangu mimi naipika kwa unga wa muhogo. Ikishika karatasi imeshika. Ukitaka kuitoa, karatasi inachanika na ngozi ya kitabu inaondoka na nyama yake. Gundi ya Unato inashika kwa joto la mkono tu, tena inashika kiasi cha kubeba mlango wa mninga. Mwagia maji baridi, mlango unakuja mikononi mwako, na mahali palipokuwa na gundi pamekauka na kung'aa kana kwamba hapajawahi kuguswa. Pasha joto, inashika tena. Waliniambia inaweza kurudia hivyo mara elfu moja bila kuchoka.

Aliyenifafanulia vizuri ni mwenyeji wangu, Bi Rukono, mama wa makamo aliyewahi kufanya kazi kwenye mitungi ya kupikia gundi. Alisema ndani yake mna nyuzi ndefu kupita kiasi, nyembamba hata jicho haliwezi kuziona. Zikipata joto zinajinyoosha na kushikana na chochote kilicho karibu. Zikipata ubaridi kila uzi unajikunja na kurudi kwake, hauna habari na mwenzake. Alieleza haya kwa fahari, nami nilimsikiliza kwa heshima ya fundi kwa fundi.

Bi Rukono alinipa chumba bila malipo, lakini kwa sharti moja: niwe na mikono miwili mizima, na nisitoke nyumbani kabla ya saa tatu asubuhi. Sikulielewa sharti lile mpaka kesho yake, saa mbili kamili, kengele ilipolia mjini kote. Alinivuta katikati ya sebule, akainua mikono juu na kuniambia niinue yangu. Nikasikia maji yakipita ndani ya kuta. Boriti ya paa ikalegea, ikashuka upana wa kidole, na uzito wa nyumba ukatulia kwenye viganja vyetu. Meza ilijilaza chini, miguu huku, ubao huku. Mlango ukaegemea ukuta. Tulisimama hivyo kiasi cha muda wa kuchemsha uji, kisha kengele ikalia tena, maji ya moto yakapita, nyumba ikashika.

Hii ndiyo Saa ya Ubaridi. Kila asubuhi, kwa amri ya serikali, viungo vyote vya nchi vinaachia, ili kusiwe na muungano unaoendelea kwa mazoea tu. Anayetaka kuondoka anaondoka. Anayetaka kubaki anashikilia kwa mikono yake mpaka joto lirudi. Waume na wake hushika boriti moja, kila mmoja na upande wake, na ndoa inahesabiwa imeendelea kwa siku nyingine. Walio peke yao wanapata taabu, maana mtu mmoja hawezi kushika paa lake. Ndiyo maana mjini kuna matangazo kila kona ya watu wanaotafuta wapangaji, na hakuna anayeuliza mpangaji anafanya kazi gani wala ana tabia gani. Wanauliza urefu.

Nilimuuliza Bi Rukono kama amewahi kuolewa. Alisema aliolewa miaka kumi na tisa na bwana mmoja mtengeneza vioo. Asubuhi moja yule bwana aliteremsha mikono, akachukua kofia yake, akatoka. Paa likamwangukia mkewe begani. Alinisimulia akipanga vikombe, hana hili wala lile, na akamalizia kwa kusema kwamba walitengana vizuri, hakumwachia alama yoyote. Nilitazama bega lake la kushoto, lililokuwa limeshuka chini ya lile la kulia kwa inchi mbili nzima, nikamuuliza na hilo je.

"Hilo la paa," akasema. "Si la kwake."

Siku ya nne nilikwenda kusikiliza Baraza Kuu, ambako wageni wanaruhusiwa kukaa nyuma. Hoja iliyokuwa mezani ilikuwa ya watoto wachanga. Kwa mujibu wa sheria, hata mama na mtoto anyonyaye wanapaswa kuachiana Saa ya Ubaridi, ili mtoto apate nafasi ya kuchagua. Mheshimiwa mmoja mwenye sauti nzuri alisema hilo ni gumu kutekeleza, kwa sababu mtoto wa miezi miwili akiachiwa haendi popote. Mwingine akajibu kwamba kutokwenda kwake ndiyo hiari yake, na hiari hiyo iandikwe. Wa tatu aliuliza nani ataiandika. Waliendelea hivyo mpaka mchana. Hatimaye waliamua kuunda kamati, na kamati haikuweza kukutana kwa sababu ukumbi wake uko ng'ambo ya mto, na daraja lilikuwa limelala majini tangu juzi. Wale waliopangiwa kulishika asubuhi ile walikuwa wametumia haki yao ya kuondoka. Hakuna aliyewalaumu. Mheshimiwa Spika alilisifu daraja kwa kutii sheria.

Nimesema sitatia chumvi, na hapa sijatia.

Jambo wanaloliogopa watu wa Unato kuliko maradhi ni kitu wanachokiita mabaki. Gundi yao haibakishi chochote, na wamekula yamini kwamba na moyo wa mtu uwe hivyo hivyo. Mtu aliyeachana na mwenzake halafu akaonekana anasimama kwenye kona waliyozoea kukutana, au anapika chakula cha wawili, au analitaja jina bila sababu, huyo ana mabaki. Anaitwa ofisini na kusafishwa. Kuna dawa ya kusafishia, nyeupe kama maziwa, inayopakwa kiganjani. Inachukua nusu saa na hakuna maumivu. Niliwaona waliosafishwa wakitoka, wote wanatabasamu, wanashukuru, wanauliza njia ya kwenda nyumbani. Na kila mgeni lazima akaguliwe kabla ya siku ya kumi na mbili, asije akaambukiza wenyeji.

Mimi nilikuwa natafuta binti yangu. Siku ya sita nilimpata karani wa Ofisi ya Miungano, kijana mwenye haraka aliyeitwa Mbegani, nikampa jina la Mishi na la kwangu. Alifungua jalada, akafuata mistari kwa kidole. Alisema muungano wa baba, mama na binti ulibanduliwa miaka mitano iliyopita kwa maombi ya binti, na ulibanduka vizuri sana. Nilimuuliza sababu. Alisema sababu si lazima, lakini mwombaji aliiandika mwenyewe, akanigeuzia jalada nisome.

Ulikuwa mstari mmoja tu. *Nikiwakumbuka nyumbani nalia kazini, na wenzangu wananilalamikia.*

Nilisoma mara tatu. Miaka yote mitano nilikuwa nimejiuliza tulimkosea nini. Mama yake alikuwa akiniuliza swali hilo hilo kila tunapokaa kula, kama labda lile neno la siku ya kuondoka ndilo, au lile jingine, mpaka anasukuma sahani. Kumbe hatukumkosea. Alitukumbuka mno, wakamtibu.

Mbegani aliniambia kwamba Mishi yu hai, ana afya, na amepanda cheo. Sasa ni Mkaguzi wa Mabaki. Kisha akanionya. Ni kosa kubwa katika Unato kumbandika mtu habari, maana yake kumpa aliyeachiwa taarifa za wale alioachana nao. Nikimtafuta barabarani na kumwambia lolote la nyumbani, tutafikishwa mbele ya sheria wote wawili. Nilimuuliza kama mkaguzi anaweza kuniuliza yeye mwenyewe maswali. Akasema mkaguzi anaweza kuuliza chochote kilichomo kwenye fomu, na mkaguliwa ni lazima ajibu ukweli. Nikamwomba anipangie ukaguzi kwa Mishi. Alitazama orodha yake, akaandika siku ya kumi na moja, Saa ya Ubaridi.

Siku tano zile sijui nilizipitishaje. Nilimsaidia Bi Rukono kushika paa, nikala alichopika, nikatembea mjini nikiangalia kila mwanamke wa umri ule. Nilipanga maneno, nikayapangua. Nilijiambia akinuna nitavumilia, akikasirika nitavumilia. Nilichokuwa nakiomba ni kidogo: anisikie, na machozi yamtoke mbele yangu, nisiwe mimi peke yangu duniani ninayemlilia Mwanatumu.

Siku ya kumi na moja Bi Rukono aliniruhusu nitoke mapema, akapata kijana wa kumshikia paa, nami nikaingia chumba cha ukaguzi kabla kidogo ya saa mbili. Kilikuwa kidogo, chenye meza nyembamba, ndoo ya maji baridi sakafuni, na boriti moja juu. Mishi alikuwa amekaa anasoma kadi yangu. Amekonda. Paji la uso ni la mama yake lile lile, hata ule mstari wa katikati anapofikiri. Nilishika ukingo wa meza. Aliinua uso akaniangalia kwa upole, kama anavyoangaliwa mgonjwa na muuguzi mwenye wagonjwa wengi.

"Karibu, Bwana Shekue," akasema. "Imeandikwa hapa kwamba uliwahi kuwa baba yangu. Kama hilo litakusumbua, unaweza kuomba mkaguzi mwingine."

Nilimwambia halinisumbui. Nilisema uongo, na ulikuwa uongo wa pekee niliousema katika nchi ile.

Kengele ikalia. Aliinuka, akaniomba niinue mkono wa kushoto kama alivyoinua wake, tukashika boriti kwa pamoja. Maji yakapita ukutani, paa likashuka viganjani mwetu. Ukaguzi wao unafanyika saa hiyo kwa sababu utando wa kiganjani ukipoa hauwezi kushika kitu chochote. Kikishika, basi kinachoshika si gundi. Mishi alichukua karatasi ya kijivu, akaibandika kwenye kiganja changu cha kulia, akaniambia nikigeuze chini. Karatasi haikuanguka. Aliinama, akateka maji kwa kata, akamwagia mkono wangu. Karatasi ililowa ikabaki palepale. Akamwagia tena.

Akavuta fomu karibu, akaanza kuuliza na kuandika, mkono mmoja juu na mmoja mezani.

"Mabaki haya ni ya nani?"

"Ya mke wangu."

"Jina lake?"

"Mwanatumu binti Kombo."

Aliandika bila kusita. Aliuliza muungano wetu ulidumu muda gani, nikasema miaka thelathini na mmoja. Aliuliza ulibanduliwa lini na kwa maombi ya nani. Nilisema haukubanduliwa na hakuna aliyeomba. Mke wangu aliugua siku tisa, akafariki mwezi wa tatu, siku ya Alhamisi baada ya adhuhuri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu huu huu unaokaguliwa. Kalamu ilisimama. Fomu yao haikuwa na mahali pa kuandika jambo kama hilo. Alitafuta, akageuza upande wa pili, akarudi mwanzo, mwishowe akaandika pembeni kwa herufi ndogo.

"Alisema nini?" akauliza.

Swali hilo halikuwamo kwenye fomu. Nilikuwa nimeisoma yote kichwa chini wakati anaandika, na sikuliona.

"Alisema kama Mishi akija, nisimwambie kwamba nyumba ilikuwa inavuja mvua za masika. Aliona haya."

Aliinamisha uso. Nilingoja. Akauliza, kwa sauti ile ile ya ofisini, kama nina mabaki mengine. Nilisema ninayo, ya binti. Akauliza jina la binti. Nikasema: Mishi. Akaliandika. Herufi ya kwanza aliiandika na mkia mrefu unaozunguka chini, kama nilivyomfundisha akiwa na miaka minane, aniandikie majina kwenye migongo ya vitabu. Nadhani aliuona ule mkia wakati mmoja na mimi, maana alikaa akiutazama.

Ndipo alipofanya jambo lisilo katika utaratibu wao. Alichukua karatasi nyingine ya kijivu, akaibandika kwenye kiganja chake mwenyewe kilicholowa maji baridi, akakigeuza.

Ikaanguka.

Aliiokota, akaifuta kwa nguo yake, akaibandika tena, safari hii akiikandamiza juu ya paja kwa nguvu, meno ameuma. Ikaanguka. Akaibandika mara ya tatu na akafumba macho, midomo inatembea. Sikusikia anasema nini, lakini midomo ilifanya umbo la jina la mama yake. Aligeuza mkono. Karatasi ilishuka polepole mpaka sakafuni, ikaingia chini ya meza. Hakuiokota tena.

"Nilidhani itashika," akasema.

Nilimwambia twende nyumbani. Nilimwambia kiganja si kitu, kwamba kwetu hakuna anayebandika karatasi, atalala chumbani kwake, nitampeleka kaburini, taratibu tu yatarudi. Nilimwita mwanangu. Nilisema mengi, na nayasema hapa kwa kifupi kwa sababu hayakufaa kitu.

"Nikija nitakaa kwako nakusikiliza unalia," akasema. "Nitakupikia, nitakufulia. Nitalia pia, kwa kuwa ndiyo adabu. Na wewe ni mtu wa macho, utaona. Bora uwe peke yako kuliko kukaa na mimi hivyo."

Jibu la maneno yale bado nalitafuta.

Kisheria, mgeni mwenye mabaki ana mambo mawili: asafishwe, au afukuzwe nchini siku hiyo hiyo na asiingie tena maisha. Uamuzi ni wa mkaguzi. Bi Rukono alishaniambia kwamba wakaguzi karibu wote huchagua kusafisha, kwa huruma, hasa kwa wazee. Chupa ya ile dawa nyeupe ilikuwa mezani, mbele yangu, imefunguliwa. Nakiri niliitazama. Nusu saa, hakuna maumivu, na ningerudi Chumbageni nikalala usingizi, nikala, nikapita mbele ya kile kitanda alichofia Mwanatumu nikakiona ni kitanda tu. Mtu aliyeomboleza miezi mitano peke yake asilaumiwe kwa kuitazama chupa kama ile.

Mishi aliona nilivyoitazama. Akachukua kizibo, akaifunga, akaisogeza mbali nami. Kisha akaandika: *Afukuzwe.* Akapiga muhuri.

"Kuna mtu mmoja tu anayemkumbuka yule mama," akasema. "Na mimi humo humo ananikumbuka. Siwezi kukupaka dawa, Baba."

Alilitamka neno lile kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenziwe. Hakuwa amelihisi, nilijua. Alinipa kwa sababu alifahamu nimelifuata mbali. Nimelipokea hivyo hivyo.

Kengele ya pili ikalia na joto likapita ukutani. Boriti ikashika, tukateremsha mikono. Alinishika mkono wa kulia ili abandue ile karatasi ya kijivu, ikatoka ikiwa imelowa, viganja vyetu vikakutana na kunata, kama vinavyonata viganja vyote katika Unato vikipata joto. Hilo si jambo la ajabu wala si dalili ya chochote. Hata maafisa wanaosalimiana hunata. Dawa yake ni maji baridi, na ndoo ilikuwa karibu na mguu wake. Hakuinama. Alisimama akitazama mikono yetu, akaigeuza upande huu na upande huu, anaichunguza kama kazi ya fundi asiyemjua. Nilihesabu pumzi zake. Zilifika arobaini na kitu. Kisha mtu aliyefuata kwenye foleni aligonga mlango, naye akainama, akateka maji, akamwaga, na mkono wake ukaachia mara moja, mkavu, unang'aa.

Nilipofika Tanga sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja makaburini na makubadhi yangu ya gundi, nikakaa chini kando ya Mwanatumu, nikamwambia nimempata. Nilimwambia ni mzima, amekonda kidogo tu, ana kazi ya heshima yenye muhuri wake, na bado anaandika jina lake na ule mkia. Nilimwambia hatukumkosea. Nilimwambia: amekuulizia maneno yako ya mwisho. Halafu nikalia kwa ajili yetu watatu, na mengine sikumwambia.